Kiti Nilichopaswa Kukikataa

Bwana Mbaraka aliponiomba nikae kati yake na mpwa wangu Hidaya, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilimwambia, "Njooni tu, hilo dogo," kisha nikaendelea kunywa chai yangu. Naanza na hilo kwa sababu Devota, aliyeniomba niwaandikie haya ninyi mnaobaki na chumba chetu cha usuluhishi pale Kihonda, aliniambia niandike kile ambacho hamtakipata kwenye semina. Mengine ya kazi hii mtafundishwa na watu waliosoma kuliko mimi. La Hidaya ninalo mimi peke yangu.

Ila ili mlielewe, inabidi nirudi nyuma.

Sikusomea usuluhishi. Nilimaliza kidato cha nne, nikashika brashi. Nilichora mabango ya saluni, bucha, gereji na maduka ya dawa, na kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kupita mtaa wa Morogoro mjini usione herufi yangu mahali fulani, hata kama hukujua ni yangu. Hidaya, binti wa dada yangu Pili, alikuwa akitoka shule anapitia nilipo, anasimama chini ya ngazi na begi lake mgongoni, ananikosoa.

"Shikamoo mjomba. Huyo ng'ombe ana miguu ya meza."

"Marahaba. Wewe umeona ng'ombe wangapi?"

"Wengi tu. Na meza pia nimeziona."

Nilikuwa nafuta ile miguu nikimnung'unikia, kwa sababu mara nyingi alikuwa amesema kweli. Baadaye yeye mwenyewe akawa mchoraji, na mzuri kuliko mimi. Mimi nilichora ng'ombe ili watu wajue hapa panauzwa nyama. Yeye akichora ng'ombe ulikuwa unajua ni wa nani na kama ameshiba.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mwenye bucha anapeleka maneno yake asubuhi, mchana anaondoka na picha ya nyama inayong'aa kuliko nyama yoyote aliyowahi kuuza. Sikugombana na mashine. Nilishusha ngazi yangu, nikawa natafuta cha kufanya.

Wakati huo watu wa kazi za kujitegemea pale Kihonda walikuwa wameanzisha umoja wao. Walikuwemo maseremala, washonaji, wapiga picha, wachoraji, na baadaye vijana wa kompyuta wanaojiita mafrilansa. Shida yao ilikuwa moja. Ukikorofishana na mteja, hakuna pa kwenda. Polisi watakwambia hiyo si jinai. Mahakamani ni mbali, na huko ukishinda umeshampoteza mteja. Wengi walikuwa wanaishia kutukanana kwenye simu mpaka mtaa mzima ujue. Umoja ukaamua kuwe na chumba cha kukaa na kuzungumza. Bwana Mbaraka, mfungashaji wa viungo, akatoa chumba cha mbele cha ghala lake, bure. Ndiyo maana hadi leo hati zetu zinanukia mdalasini.

Waliyemweka kukiongoza ni Mama Kabula, Msukuma aliyekuwa amestaafu kiwandani, ambako kwa miaka yake yote wafanyakazi walikuwa wakimtuma awasemee kwa wakubwa. Yeye ndiye aliyenichukua mimi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Wewe umewahi kuchora bango baya ukalipigania, na umewahi kuletewa rangi mbovu ukaikataa. Umekaa pande zote mbili."

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa tai. Mama Kabula alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mluguru, unaoa leo?"

Sisi na Wasukuma ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa. Nikamjibu kwamba kwetu tai si ya kuoa, ni ya kuogopesha Wasukuma. Akacheka, lakini tai nikaivua.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mshonaji na mama mmoja aliyesema gauni lake limebana. Nilisikiliza upande huu, nikasikiliza upande ule, nikaona ukweli uko wapi, nikausema. Mshonaji amekosea, alifumue gauni. Nilidhani nimefanya kazi nzuri sana. Wote wawili wakatoka wamenuna. Mama Kabula akanivuta pembeni.

"Nani alikuomba hukumu?"

"Lakini mama, si amekosea kweli?"

"Amekosea. Na wote wawili walikuwa wanajua amekosea kabla hawajaja. Mbona hawakumalizana nyumbani? Kazi yako si kujua nani kakosea. Kazi yako ni kuwafanya wachoke kukutazama wewe, waanze kutazamana."

Hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa, na mikono yangu ilielewa kabla ya kichwa. Alinifundisha kupanga viti. Msiwaweke watu uso kwa uso kama wanaotaka kupigana, wala bega kwa bega kama abiria. Wekeni mabenchi mawili kwenye kona ya meza, na ninyi mkae mbali kidogo na meza hiyo. Chai imiminwe kabla ya maneno, na amimine mmoja wao, si ninyi. Ni vigumu kumtukana mtu huku unamuuliza kama sukari inatosha. Vigumu, nasema. Nimeona walioweza.

Na kubwa kuliko yote, kazi yenyewe iletwe mezani. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake ambalo halikuwa na msamaha. Mnagombania gauni, lete gauni. Mnagombania picha, lete picha. Watu wakigombania kitu kisichokuwepo, kila mmoja anagombania cha kichwani mwake.

Tuliwahi kuletewa mlango. Seremala alisema ni sawasawa na vipimo, mteja akasema ni mkubwa. Ulikuja kwa mkokoteni, ukagoma kuingia chumbani.

"Mnaona?" akasema mteja.

"Mlango wenu ndio mdogo," akasema seremala.

Tukafanyia kikao nje, kwenye jua, mlango umelazwa juu ya mabenchi na sisi tumeuzunguka kama watu wanaokula. Futi ilipotolewa, ikaonekana vipimo vilichukuliwa kabla ukuta haujapigwa plasta. Hakuna aliyedanganya. Seremala alichukua randa akaanza kupunguza palepale, na mteja akaushikilia mlango usiteleze. Sisi tukaingia ndani kumalizia chai. Zile ndizo siku nilizoipenda kazi hii.

Nitawaeleza kesi moja zaidi ya wakati wa Mama Kabula, maana bila hiyo hamtaona nilivyokuwa mpumbavu baadaye.

Kijana mpiga video, Elibariki, mtu wa Kilimanjaro, alirekodi harusi ya Kiislamu kule Mlali, chini ya milima. Alifanya kazi safi. Familia ikaikataa yote. Aliyekuja kuisemea familia alikuwa Mzee Mkude, mjomba wa bibi harusi, amevaa kanzu na koti juu yake. Tuliweka kompyuta mezani, tukaitazama video. Ilikuwa nzuri. Mzee Mkude aliitazama mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana.

"Hii harusi ni ya nani?"

"Ya binti yenu, mzee."

"Na mimi niko wapi?"

Elibariki akarudisha nyuma, akapeleka mbele, jasho likamtoka. "Huyu hapa, mzee. Nyuma ya sufuria la pilau."

"Sufuria limetoka vizuri," akasema Mama Kabula.

Kijana akajitetea kwamba siku nzima alimfuata baba wa bibi harusi, akijua ndiye mwenye shughuli. Mzee Mkude akatikisa kichwa kwa huruma. "Baba wa bibi harusi ni shemeji yetu. Ni mgeni. Amekaa miaka mingi, tunampenda, lakini mgeni."

Kwa asiyejua: kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba analea na anaheshimiwa, lakini mambo mazito yakifika, neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba akisema, limesemwa. Elibariki angejuaje?

Mama Kabula ndiye aliyemfungua mzee, na alimfungua kwa utani, ambao mimi kama Mluguru mwenzake nisingethubutu. "Mzee, ninyi mnalima mashamba yaliyosimama kama ukuta, mnapanda maharage huku mmejifunga kamba. Huyu mtoto wa watu alitegemea kumtambua mjomba kwa kitu gani? Ungemwachia japo kamba kiunoni mwako!"

Mzee Mkude alijaribu kukaza uso, ikashindikana. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Baada ya hapo waliongea wao wawili, sisi tukawa watazamaji. Elibariki alipanda tena Mlali, akamrekodi mzee akiwausia maharusi nyumbani kwake, milima ikionekana nyuma, wosia ukawekwa mwanzo kabisa wa video. Niliambiwa bibi harusi alilia kuliko siku ya harusi. Na tangu siku hiyo Elibariki hachukui kazi kabla hajauliza, "Nani asipoonekana mtanikataa?"

Nilijifunza kwamba mjomba ni mzito kiasi kwamba harusi haisimami bila yeye. Sikujifunza upande wa pili wa jambo hilohilo. Kama mjomba ni mzito hivyo, mpwa wake atambishiaje ndani ya chumba kidogo, mbele ya mtu baki?

Mama Kabula alipozeeka alirudi kwao Usukumani kwa wajukuu. Aliniachia chumba, chupa ya chai na onyo moja. "Kesi ngumu haitakuangusha, maana utaiogopa. Iogope ile unayoijua kabla haijaingia mlangoni." Niliitikia kama mtu anavyoitikia anapoagwa. Nilikuwa nashughulika na kufunga kamba kwenye mzigo wake.

Sasa Hidaya.

Bwana Mbaraka alikuwa amemwomba amchoree picha ya kuweka kwenye pakiti za pilipili manga. Hidaya alimchora bibi yake, yaani mama yangu, marehemu, alivyokuwa akikaa barazani kule kwetu juu ya Matombo, ungo mapajani, anachambua pilipili. Alimchora kama alivyokuwa: jicho moja dogo kuliko jingine, mikunjo, na kicheko cha mtu asiye na meno ya mbele. Mbaraka aliipenda. Aliilipia vizuri, hapo hapakuwa na ugomvi.

Pakiti zilipotoka, mama yangu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso laini na meno yote. Wachapaji walikuwa wamemrekebisha.

Hidaya alitaka uso urudishwe, au picha iondolewe kabisa. Mbaraka alisema picha ameinunua, na pakiti zimeshachapwa. Walikuwa hawajaandikiana lolote kuhusu kubadilisha. Ndipo Mbaraka akanijia, nami nikasema hilo dogo. Devota, ambaye alikuwa ameanza kazi na sisi karibuni, aliniuliza kama ningependa yeye akae kwenye kesi hiyo badala yangu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Basi tu, mzee. Mmoja ni mpwa wako, mwingine ndiye mwenye chumba."

"Ndiyo maana nakaa mimi," nikamwambia. "Nani anawajua zaidi yangu?"

Mniangalie vizuri hapo. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na fahari tu, na fahari inafanana sana na uzoefu ukiwa umeivaa wewe mwenyewe.

Hidaya alikuja na pakiti moja mkononi. Mbaraka alikuja na kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti. Sikuuliza ni nini. Sikusema picha ya asili iletwe mezani. Uso wa mama yangu niliujua, wa nini kuuona? Chai nilimimina mimi.

"Haya, Hidaya mwanangu. Sema."

Ndani ya chumba kile kila mtu tulimwita Bwana au Bi, hata majirani zetu. Siku ile nilianza na "mwanangu."

"Mjomba, mimi nilimchora bibi," akasema. "Huyu wa kwenye pakiti simjui."

"Walimsafisha kidogo tu," akasema Mbaraka, "ili rangi itoke vizuri."

"Walimpa meno."

Nikacheka. Mama mwenyewe alikuwa akitania mapengo yake, na neno lile lilinijia na sauti yake. Mbaraka aliponiona nacheka, naye akacheka. Hidaya hakucheka.

Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote, "Kupewa meno uzeeni ni neema, mama angefurahi. Bwana Mbaraka ni mtu wetu, hata hapa tulipokaa ni kwake. Tusilifanye kubwa. Au wewe unasemaje?"

Aliitazama ile pakiti. Aliizungusha mkononi kama mtu anayesoma viambato. Kisha akasema, "Mjomba akiona ni sawa, ni sawa."

Nikaandika kwamba pande zote mbili zimeridhika. Wakatia sahihi. Mbaraka alisita kidogo pale mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaweka lile gazeti lake kwapani, akanipa mkono. Chai ilikuwa bado ya moto. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nikiwasimulia wageni kwamba ile ndiyo kesi niliyoimaliza haraka kuliko zote, na ni kweli.

Sikuona kitu mpaka dada yangu Pili aliponipigia simu.

"Hidaya ameondoka."

"Kwenda wapi?"

"Dodoma. Amepata kazi ya kuuza duka la dawa. Hakukuaga?"

"Jana tu alinisalimia."

"Alikusalimia," akasema dada. Kisha akaniambia kwamba Hidaya amegawa rangi na brashi zake zote kwa watoto wa jirani. Nikauliza kama kuna mtu aliyemuudhi. Dada yangu si mtu wa kupaza sauti. Aliniuliza tu, "Siku ile mlipokaa na Mbaraka, wewe ulikaa kama nani?"

"Kama msuluhishi."

"Na yeye alimwona nani?"

Nilitoka kwenda ghalani kwa Mbaraka, sijui hata nilitaka kumwambia nini. Nilimkuta anasimamia magunia ya karafuu. Nilipomweleza kwamba Hidaya ameacha kuchora, aliinuka, akaingia ofisini kwake, akarudi na kile kitu bapa, bado kimefungwa kwa gazeti lilelile. Ilikuwa picha ya asili. Mama yangu alinicheka kwa mapengo yake.

"Nilikuja nayo siku ile," akasema Mbaraka. "Nilitaka tuiweke mezani, anionyeshe kilichoharibika, toleo linalofuata nilirekebishe. Sikuwa na ubishi mwingine, nilikuwa nasubiri aseme tu. Lakini ulimaliza haraka. Nikasema, kama wenye bibi yao wameridhika, mimi ni nani?"

Ndugu zangu, suluhu ilikuwa imeingia chumbani kwa miguu yake, imefungwa kwa gazeti, na mimi nikaifungulia mlango itoke.

Sikuacha kazi baada ya hapo, ingawa nilifikiria. Devota ndiye aliyenizuia, kwa maneno makali kidogo. Alisema nikiondoka nitaondoka na kosa langu, na wao watalirudia kwa sababu hawatalijua. Kwa hiyo niliwaeleza wote, kama ninavyoeleza hapa, na tukaliwekea utaratibu. Ndilo lile swali mnalouliza leo kila kesi, na wengine mnalalamika kwamba linapoteza muda. Kabla kikao hakijaanza, kila mmoja anaitwa peke yake nje, anaulizwa, "Humu ndani kuna mtu ambaye huwezi kumkatalia?" Akimtaja, huyo anatoka. Akiwa ni msuluhishi, anatoka msuluhishi. Mimi nimeshatolewa mara kadhaa. Mara ya kwanza iliniuma, ya pili nilikwenda kununua mahindi ya kuchoma.

Msiliondoe swali hilo. Nimeliona likifanya kazi, na la karibuni zaidi nililiona nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu.

Alikuja kijana Faraji, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Mzumbe, aliyemtengenezea mwenye nyumba ya wageni tovuti ya kupokea watalii wanaopanda milima. Mwenye nyumba alikuwa anabadilisha mawazo kila wiki. Leo anataka picha ya maporomoko, kesho ya kitanda, keshokutwa kila kitu kianze upya, na kijana mitihani imemkaribia. Mwenye nyumba akaja na baba mdogo wa Faraji, mtu mzima mwenye heshima zake, "ili atusaidie kuelewana." Devota alimtoa Faraji nje akamuuliza swali. Kijana aliangalia chini. Kisha akageuza macho kidogo tu kuelekea mlangoni.

Devota akarudi ndani, akamwomba baba mdogo amsubiri kwenye mgahawa wa jirani. Mzee akapandwa na hasira.

"Mimi ndiye niliyemlea huyu!"

"Ndiyo maana, baba," akasema Devota.

Mzee alinigeukia mimi, mzee mwenzake, nimsaidie. Nikainuka, nikamshika mkono, nikamwambia twende wote, nitamlipia chai. Tulikaa huko muda mrefu. Kwanza alinung'unika, kisha akaniuliza kama hii ni desturi mpya ya kudharau wazazi. Nikamsimulia habari ya meno ya mama yangu. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Tuliporudi tulisikia sauti ya Faraji kabla ya kufika mlangoni. Alikuwa anabisha. Alikuwa anamwambia mwenye nyumba, kwa adabu lakini kwa sauti, kwamba mtalii hapandi mlima ili aone kitanda, na mwenye nyumba alikuwa anacheka huku anamjibu kwamba baada ya kupanda mlima kitanda ndicho kitu pekee mtalii anachotaka kuona. Kompyuta ilikuwa mezani, wote wawili wameinamia kioo. Walikubaliana picha zipi zikae, na kwamba hakuna la kubadilisha mpaka mitihani iishe. Baba mdogo alisimama pale kizingitini akimtazama mtoto wake kama mtu mpya.

"Kumbe anaweza kuongea hivi?" akaniuliza.

Kwa ajili ya siku kama hiyo nawaachia chumba hiki moyo wangu ukiwa mwepesi. Mnaongezeka, mnaijua kazi, na mnaletewa watu ambao zamani wangeishia kutukanana. Mbaraka naye, bila kuombwa na mtu, alirudisha uso wa mama yangu kwenye pakiti. Nendeni duka lolote Kihonda, mtamwona anacheka na mapengo yake, na chini pembeni, kwa herufi ndogo, jina la Hidaya.

Pakiti ya kwanza ya hizo nilimpelekea Hidaya mwenyewe Dodoma. Nilikwenda na basi, nikamkuta nyuma ya kaunta kwenye koti jeupe, nadhifu, anahesabu vidonge. Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba nilikaa kiti ambacho hakikuwa changu, kwamba nilimcheka mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kumsikiliza. Si jambo la kawaida kwetu, mjomba kumwomba mpwa wake radhi, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliipokea pakiti kwa mikono miwili. Akasema, "Hamna neno, mjomba. Kama wewe umeona ni sawa, ni sawa."

Nilisimama pale nikisubiri. Nilitamani aniambie nimechelewa. Nilitamani aniambie herufi za jina lake zimekaa vibaya, maana zilikuwa zimekaa vibaya kweli, na zamani angeliona hilo kabla hata hajaishika pakiti. Aliniuliza kama nimekula, akaniitia mtu wa kunisindikiza stendi.

Ananipigia simu kila sikukuu. Hajawahi kunikosea heshima hata mara moja. Hachori, na sijui kama amenisamehe, kwa sababu hata angekuwa hajanisamehe angenijibu vilevile. Hiyo ndiyo gharama ya kiti kile. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeweza kusimama chini ya ngazi yangu akaniambia nimechora vibaya, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.